Kabla ufunike floor ya gari mzee

Kama ndio umenunua gari mzee, iwe Datsun 1200 ama Peugeot 504, na jam ya Mombasa Road saa nane mchana imekuonyesha vile miguu inaweza kuiva ndani ya viatu, najua mpango wako wa wikendi hii: utoe kapeti, ubandike kitu cha kuzuia joto na kelele, urudishe kapeti. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Datsun yangu niliifunika mwezi wa nne na mvua inanyesha, nikajaza sponji ya godoro kila mahali na gundi ya viatu, wiki za kwanza gari imetulia nikajiona fundi, kufika mwezi wa nane nikaanza kusikia harufu ya soksi zilizolowa, kuinua kapeti upande wa dereva sponji imeshiba maji na bati chini yake imelika, kidole kinapita nje. Kuchomelea bati mpya kulikula pesa nyingi kuliko kile nilikuwa nimeokoa kwa sponji.

Kwa hivyo toa kila kitu, viti na kapeti zote. Dungadunga bati na bisibisi, hasa kwa kona na karibu na milango. Volkswagen Beetle nayo inua kiti cha nyuma kwanza, betri inakaa hapo chini upande wa kulia na asidi ikimwagika inakula floor pole pole na wewe hujui. Kutu sugua na brashi ya waya, mashimo yachomelewe, paka red-oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, rangi ya kawaida juu, na usiguse tena mpaka ikauke kabisa. Halafu hii watu wengi wanaruka: mtu mmoja amwage maji ya mpaipu kwa windskrini, mwingine awe ndani na tochi, chini ya dashibodi. Maji ya floor mara nyingi hayatoki chini, yanatoka kwa raba ya windskrini. Usipoziba hapo kazi yote ni bure.

Ingia chini pia uangalie eksozi. Asubuhi ikiwa baridi washa gari, ziba mdomo wa eksozi na kitambaa kidogo tu, usikize, ikifanya "shhh" mahali kuna tundu. Hilo tundu linachoma floor na tena linaingiza moshi ndani, na ule moshi wa kuua hauna harufu, kwa hivyo usiwahi kuufunika na kapeti ukidhani umemaliza shida. Kama eksozi iko sawa lakini bado bati inachoma, weka ngao ya aluminiamu katikati ya bomba na floor, uache nafasi kama sentimita moja ama mbili, hewa ipite. Ikigusana na bati, joto linapita tu kama kawaida. Na usibandike kitu cha raba huku chini karibu na bomba, tafadhali.

Sasa kelele. Gonga floor na kifundo cha kidole. Ikilia kama sufuria tupu, hapo ndio panataka ile mati nzito ya butili, raba laini inayonata, yenye foili juu. Kazi yake ni kuzuia bati isitetemeke, haizuii joto sana, na hauhitaji kufunika kila inchi, robo ya bati katikati pale panapolia inaleta tofauti kubwa, zingine ni uzito tu na pesa. Mati ianike juu ya boneti kwa jua kidogo ilainike, kisha uifinye na rola mpaka zile alama za foili zilale. Gonga tena, utasikia "tup". Kuna hardwea watakuuzia tepu ya lami ya paa, ni bei rahisi, lakini gari ikikaa juani itanuka kama barabara inawekwa lami na gundi italegea.

Juu ya mati ndio unaweka sponji ya kuzuia joto, na hapa usiamini maneno ya mwenye duka, omba kipande, tumbukiza kwa maji, kisha kamua. Ikitoa maji mrudishie. Mashimo ya waya na pedali ziba na raba zake, kelele ya injini inapita hapo kama mlango wazi. Vile vizibo vya kutoa maji kwa floor usivifunike, kata mati uvizunguke.

Matundu ya bolti za viti pia, yatafute chini ya mati uyatoboe na msumari kabla sponji iende juu. Mimi nilisahau, na nililala kwa floor karibu saa nzima nikipapasa na kucha, jirani akiniuliza kama gari imenishinda.