Papa wa miamba: mzamiaji wa Kigoma awatafute wapi?

SWALI: Nimejifunza kuzamia na mtungi hapa Kigoma, ziwani. Mwakani nakwenda pwani na natamani kuwaona papa wa miamba. Niwatafute wapi, na je, ni hatari? Msomaji, Ujiji.

JIBU: Ndugu msomaji, Mafia na Pemba wapo, ila nyavu na baruti zimewapunguza mno, na jambo hilo linatuuma. Mtu asikuahidi kwamba utawaona kila ukizama. Walipo kwa wingi ni Maldivi, iliyopiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010, na Aldabra huko Ushelisheli.

Kila aina ina makao yake. Mwenye ncha nyeusi za mapezi hupenda maji mafupi juu ya mwamba. Ni mwoga, na miwani na mrija vinatosha kumwona. Mwenye ncha nyeupe hushinda mapangoni, amelala mchangani. Chungulia polepole: utaona mdomo ukifunguka na kufumba, akisukuma maji yapite kwenye matamvua. Usimzibie mlango. Papa wa kijivu hukaa ukingoni, mwamba unapoporomoka kwenda kilindini, hasa kwenye milango ya bahari yenye mkondo mkali.

Huyo wa kijivu ndiye wa kuchunga. Akiinua pua, akakunja mgongo, akashusha mapezi ya ubavuni na kuanza kuogelea kwa kujinyonganyonga, anakuonya. Acha kumfuata wala usimmulike kwa taa ya kamera. Rudi nyuma taratibu huku ukimtazama, umwachie njia ya kwenda kilindini. Na usizame karibu na mtu anayechoma samaki kwa mkuki, maana damu na mtapotapo wa samaki huwapandisha papa hamaki.

Kwa mtu wa ziwani, kinachosumbua zaidi ni risasi za mkandani, yaani vipande vya madini mazito vinavyomsaidia mzamiaji kuzama. Maji ya chumvi yatakunyanyua, basi ongeza kilo 2 hadi 3, ujipime kwanza kwenye maji mafupi mtungi ukikaribia kuisha, kwani hapo huwa mwepesi. Ukipungukiwa risasi utapiga miguu hovyo, na papa watatoweka kabla hujawaona. Jedwali la mwinuko ulilofundishiwa ziwani, mita 770 hivi juu ya bahari, yaani lile la muda wa kukaa chini ya maji, liache. Pwani tumia la kawaida.

Ukishazama mara ya mwisho, pumzika saa 24 kabla ya kupanda ndege, na hata treni, maana ukipanda juu shinikizo la hewa hupungua na gesi iliyobaki mwilini huweza kugeuka mapovu: reli ya kurudi Kigoma hupitia Tabora, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi.