Nyutrino: kiini kizima au nyutroni mojamoja?

Mkuu, umeuliza tunatofautishaje njia mbili ambazo nyutrino (chembe ndogo mno isiyo na chaji) hugonga kiini cha atomu: mtawanyiko wa pamoja na usio wa pamoja. Nishati pekee haitoshi kuzitofautisha. Angalia kiini kimebaki katika hali gani. Kwenye mtawanyiko wa pamoja kiini chote hupigwa kama kitu kimoja, hakisisimki, kinarudi nyuma kidogo mno, na uwezekano wa mgongano huo hukua takribani kwa mraba wa idadi ya nyutroni. Ni kama kusukuma Noah iliyokwama mchangani huku Chamwino: mkisukuma kwa mpigo, inatoka. Kwenye usio wa pamoja, nyutrino hugonga protoni au nyutroni mojamoja, kiini husisimka na huweza kutoa miale ya gama. Nafundisha fizikia hapa Dodoma, wanafunzi wangu mfano wa Noah hawausahau. Ule wa pamoja ulionekana mara ya kwanza 2017, Oak Ridge, Marekani, kwa kigunduzi cha fuwele ya kilo 14.6. Ila nishati ya nyutrino ikizidi takribani MeV 50 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), upamoja unafifia.