Maswali na Majibu: Kwenda Kusoma Unguja na Pemba

Barua nyingi nilizopokea safari hii zimetoka kwa wazazi na wanafunzi wa bara, na mmoja wa Mombasa, waliopata nafasi katika vyuo vya Zanzibar, hasa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), chenye kampasi kuu Tunguu, nje ya mji.

Mwanangu hajawahi kuiona bahari, nami sijasahau ajali za meli. Apande boti au ndege? (Mzazi, Dodoma)

Hofu yako ina msingi, mzazi mwenzangu. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na Julai mwaka uliofuata MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam wakati bahari imechafuka. Mafunzo ya ajali zile ni mawili: asipande chombo kilichojaa kupita kiasi kwa sababu tu ana haraka, na asikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kukata tiketi. Boti za mwendo kasi za Dar es Salaam huvuka kwa takriban saa mbili, na mimi ningemwambia apande boti, kwa kuwa mwanafunzi anayehamia ana mizigo ambayo ndege ndogo hazitaibeba bila kumtoza.

Anunue tiketi dirishani, akiwa na kitambulisho, wala asimfuate kijana yeyote wa getini anayedai kuwa tiketi zimekwisha. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huwa makubwa. Wahudumu hupita na mifuko ya kutapikia, na abiria aliyejifanya shujaa akakaa mbele kabisa ndiye huwa wa kwanza kuuomba. Akae katikati au nyuma, chini badala ya juu, awe amekula kitu chepesi, na macho yake yawe kwenye upeo wa bahari badala ya simu.

Nimekosa nafasi ya bweni. Nitapataje chumba, na kwa nini kila mtu ananiambia niende kwa sheha? (Mwanafunzi, Morogoro)

Anza na swali la pili, maana ndilo litakalokurahisishia la kwanza. Sheha ndiye kiongozi wa shehia, yaani eneo dogo kabisa la utawala hapa Zanzibar, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na miongoni mwa kazi zake ni kuwajua wakaazi wa eneo lake. Mgeni anayehamia hutakiwa kujitambulisha kwake, na ni vizuri mwenye nyumba akupeleke mwenyewe. Mara nyingi mazungumzo hayo hufanyika barazani: utasalimia, utaulizwa unatoka wapi, unasoma nini na nani anakufahamu, kisha jina lako litaingia daftarini. Beba barua ya chuo na nakala ya kitambulisho. Wapo wanafunzi wanaoliona jambo hili kuwa upekuzi; nami nasema ni kinga, kwa sababu siku utakapoibiwa au kugombana na mwenye nyumba, mtu wa kwanza utakayemhitaji ni huyo huyo sheha, na barua zake utaziomba zaidi ya mara moja.

Kuhusu chumba chenyewe, tafuta Tunguu, Fuoni au Mwanakwerekwe. Mji Mkongwe unapendeza, lakini bei za huko zimepangwa kwa kuwatazama watalii, nawe utalipa nauli kila siku juu ya kodi. Daladala za kusini, zikiwemo za Makunduchi na Jambiani, hupita Tunguu. Jiandae kudaiwa kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja, na kabla ya kulipa fungua bomba uonje maji, kwa kuwa visima vya baadhi ya maeneo vina chumvi.

Mimi ni Mkenya. Je, kitambulisho cha taifa kinatosha? (Mwanafunzi, Mombasa)

Hapana. Njoo na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kisha ukisharipoti chuoni anza mara moja taratibu za kibali cha mwanafunzi katika Uhamiaji. Usiahirishe.

Mimi ni Mkristo. Nitaishije mwezi wa Ramadhani, na nivae nini siku nyingine? (Mwanafunzi, Mbeya)

Hakuna atakayekulazimisha kufunga. Hata hivyo, kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana wa Ramadhani hapa kumewafikisha watu mikononi mwa polisi, na mikahawa mingi hufungwa hadi magharibi. Pika chumbani, kula chumbani, na nunua mahitaji yako jioni, wakati masoko yanapochangamka. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia mapema kama itaangukia kwenye mitihani yako.

Jirani akikuletea sahani ya futari iliyofunikwa kawa, labda muhogo wa nazi, tambi au kaimati, ipokee kwa mikono miwili, na utakapoirudisha usiirudishe tupu. Hata ndizi chache zinatosha. Ujirani wa Unguja hujengwa kwa sahani hizo kuliko kwa hotuba za utangamano ambazo chuo kitakupa wiki ya kwanza.

Buibui si lazima kwa asiye Mwislamu, ila mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia, na nguo za ufukweni zibaki ufukweni. Kwa ibada, kuna Kanisa la Anglikana Mkunazini na Kanisa Katoliki la Minara Miwili, yote Mji Mkongwe.

Nifungashe nini? (Mwanafunzi, Iringa)

Acha makoti. Leta chandarua, mwavuli, na betri ya akiba ya simu. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba, na hitilafu iliyotokea Desemba 2009 iliuacha mji gizani kwa takriban miezi mitatu. Waya mkubwa zaidi uliwekwa mwaka 2013, ingawa umeme bado hukatika. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, viatu vya ngozi na vitabu huota ukungu, hivyo usivisukumie ukutani.

Nimepangiwa kampasi ya Pemba. Je, nishuke wapi? (Mwanafunzi, Tanga)

Uliza kwanza boti yako inatia nanga bandari gani. Kampasi ya SUZA ya huko, iitwayo Benjamin Mkapa, iko Wilaya ya Wete, kaskazini, ilhali boti nyingi za kutoka Unguja hufika Mkoani, kusini kabisa, na kutoka hapo utapanda gari kupitia Chake Chake. Ukifika msimu wa karafuu utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na huenda madereva na wenye nyumba wakawa wote mashambani. Kwa hiyo piga simu kuulizia chumba kabla hujavuka, na upange kufika mchana.