Ndege yule au ndege ile?

SWALI: Mwalimu, naishi Otonglo, Kisumu, karibu na uwanja wa ndege. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Ndege ya Nairobi ikipita juu ya mabati yetu, ananyoosha kidole: "Dege!" Yangeyange akitua uani: "Dege!" Juzi tuliingia saluni, akaona feni inazunguka darini, akapiga kelele: "Dege!" Jirani ananiambia namchanganya mtoto, nimfundishe kuwa mashine ni eropleni na ndege ni yule wa mtini. Mimi na mume wangu husema "ndege ile" kwa vyote viwili, ndivyo tulivyozoea. Je, mtoto amekosea, au tuliokosea ni sisi?

JIBU: Mama, kwa yangeyange hajakosea, na kwa ile ya Nairobi hajakosea. Kwa feni amekisia, na amekisia kwa akili. Wanaohitaji kusahihishwa kidogo ni ninyi wazazi, na si kwa neno "ndege" bali kwa kile kinacholifuata.

Nianze na neno lenyewe. "Ndege" lilikuwa jina la kiumbe mwenye mbawa muda mrefu kabla binadamu hajapaa. Mashine ilipokuja, Waswahili waliitazama wakaona ina mbawa, inapaa, inatua. Wakalivuta jina la zamani mpaka likaifikia. Eropleni nalo lilikuwepo, na kamusi inalo hadi leo, lakini midomoni mwa watu lililoshinda ni ndege. Ukishuka Dunga, ufukweni mwa ziwa, utakutana na mfano mwingine. Kiboko ni yule mnyama wa majini. Ngozi yake ilipokatwa ikafanywa mjeledi, mjeledi nao ukaitwa kiboko. Chupa ina mdomo, meza ina miguu. Lugha yetu imejaa majina yaliyovutwa hivi, na hakuna anayeyaita makosa.

Sasa mtazame binti yako. Amejifunza jina moja, ameona kitu kingine kinachofanana na kile cha kwanza kwa mbawa, kwa mzunguko au kwa mvumo, akalivuta jina likafika huko. Wataalamu wa lugha ya watoto huita jambo hili kupanua maana, na ni la kawaida sana kwa watoto wa umri wake. Alichofanya kwa feni ndicho walichofanya Waswahili kwa mashine ya angani. Tofauti ni kwamba wao walikubaliana, naye bado yuko peke yake.

Na kazi aliyo nayo si ndogo. Mwaka 1960 mwanafalsafa Mmarekani W. V. Quine aliieleza kwa mfano uliopata umaarufu. Mtaalamu yuko kwa watu ambao lugha yao haijui kabisa. Sungura anapita mbio, na mwenyeji anasema "gavagai". Neno hilo ni sungura? Ni mbio? Ni sehemu fulani ya sungura, au ni kitoweo cha jioni? Kuelekeza kidole peke yake hakumalizi swali. Wewe ukisema "ndege!" huku umeinua uso, mwanao angeweza kudhani unamaanisha weupe, au kelele, au "tazama juu". Kinachomwokoa ni kwamba anakufuata wewe: macho yako yameelekea wapi, unafurahia nini, umelisema neno lile lile mahali gani jana na juzi. Kila mara anapunguza kisio moja na kubaki na mengine machache.

Tena usipime anachokijua kwa anachokitamka tu. Kuelewa hutangulia kusema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa watoto wa miezi 6 hadi 9, ambao bado hawasemi neno, tayari huelewa baadhi ya majina ya vyakula na ya viungo vya mwili. Huenda binti yako anajua vizuri sana kuwa feni si ndege, ila hana neno la feni, akatumia la karibu zaidi. Jaribu hivi: weka picha mbili mbele yake, ya ndege wa mtini na ya feni, umwulize, "Ndege yuko wapi?" Akielekeza kwa ndege bila kusita, anajua.

Nirudi kwenu wazazi. Kiswahili sanifu hakikuiacha "ndege" ikae na maana mbili bila alama ya kuzitenga. Alama ni upatanisho. Kiumbe huingia ngeli ya A-WA: ndege yule ametua, ndege wale wametua. Mashine huingia ngeli ya I-ZI: ndege ile imetua, ndege zile zimetua. Vilevile kiboko ameibuka, lakini kiboko kimekatika. Jina ni lile lile, ila silabi moja mwanzoni mwa kitenzi inamwambia msikilizaji kama tunazungumzia kitu chenye uhai. Mkisema "ndege ile imekaa kwa mti" mnamnyima mtoto dalili ambayo lugha imemtengea.

Sisemi haya kwa lawama. Kijaluo hakina ngeli za namna hii, na wengi waliokuzwa nacho huvuta kila kitu kwenye I-ZI. Zaidi ya hayo, Mjaluo humwita wa mtini winyo, na neno ndege amelikopa kwa ajili ya mashine. Kwa hiyo "ndege ile" ina mantiki yake Kisumu. Kama nyumbani mnasema Kijaluo pia, endeleeni kumwambia winyo. Watoto wengi wa kwetu hukua na lugha mbili au tatu bila kudhurika.

Mkizungumza naye Kiswahili, mpeni sentensi nzima badala ya jina tupu. "Ndege yule anakula wadudu. Tazama, ameruka!" "Ndege ile imebeba watu, inatua." Msimngoje arudishe viambishi hivyo sasa. Watoto wadogo wanaoanza Kiswahili huviacha mara nyingi, wakasema "lala" mahali pa "amelala", ila anavisikia na kuviweka.

Na kwa feni msiseme "Si ndege!" mkaishia hapo. Mmemnyang'anya neno bila kumpa jingine. Semeni, "Hii ni feni. Inazunguka, inatupa upepo." Watafiti Susan Carey na Elsa Bartlett walionyesha mwaka 1978 nguvu ya kulinganisha. Waliwaomba watoto wa miaka mitatu na minne walete sinia kwa jina la rangi wasilolijua, wakalitaja hilo jina dhidi ya rangi wanayoijua: lete hii, si ile. Watoto walileta sinia sahihi, na siku kadhaa baadaye baadhi yao walikuwa bado wana kumbukumbu fulani ya neno hilo walilolisikia kwa kupita tu. Kwa hiyo mbele ya picha zako mbili unaweza kumwambia, "Nipe feni, si ndege, feni."

Mwambie jirani kuwa eropleni ni neno halali, na ukitaka litumie. Lakini hata ukimpa mtoto hilo, atakutana na uwanja wa ndege, tiketi ya ndege na rubani wa ndege kabla hajaanza shule. Afadhali ajue sasa kuwa ndege hutua, na ndege pia hutua, na kwamba mmoja ametua na nyingine imetua. Jaribu zile picha wiki hii, mama, uniandikie alielekeza wapi.