GTO ya 1969 inapanda joto kwenye foleni: themostati iache, fungua pampu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtoto wa Tanga ila naishi Phoenix, Arizona, huu mwaka wa tisa. Mwaka jana nilinunua Pontiac GTO ya 1969, injini ya inchi za ujazo 400, gia otomatiki, ina AC. Shida yangu ni joto. Barabara kubwa mshale unakaa nyuzi 205 mpaka 210 za Fahrenheit, nikiingia foleni au nikikutana na taa nyekundu tatu nne mfululizo unapanda 225, juzi umegusa 230 nikazima AC nikafungulia hita na madirisha yote, nimefika nyumbani nimelowa jasho. Nimeshafunga rejeta mpya ya alumini, wotapampu mpya, themostati ya 160, na feni ya zamani nimetoa nimeweka ya umeme. Kusema kweli kabla ya hiyo pampu mpya ilikuwa afadhali kidogo. Anko wangu ni fundi wa siku nyingi Tanga, anasema toa themostati tupa. Nitoe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitoe.

Anko wako namwelewa kabisa na namheshimu, mimi mwenyewe nimeanzia gereji za Gerezani pale Dar na hilo ndo lilikuwa somo la kwanza, gari ikichemsha toa themostati. Lilikuwa na sababu yake, spea nyingi zilikuwa feki, themostati inagoma kufunguka mteja anaua gasketi ya silinda hedi, kwa hiyo fundi anaona bora aitoe kabisa alale usingizi. Ila kwa gari yako haitibu kitu na ntakwambia kwa nini.

Themostati ni mlango tu. Ya 160 inaanza kufunguka kwenye 160 za Fahrenheit, yani nyuzi 71 za Selsiasi, na ya 180 inaanza kwenye 82. Kazi yake ni kuizuia injini isiwe baridi kupita kiasi, basi. Wewe mshale uko 225, huo mlango umefunguka wote zamani sana, uwe wa 160 uwe wa 180 uwe wa 195, maji yanapita na bado joto linapanda. Ndo mana ile ya 160 uliyoweka hujaona tofauti yoyote. Na ukiutoa mlango wenyewe unapoteza kile kizuizi kidogo ambacho pampu inasukumana nacho, presha ndani ya bloku inashuka, na sehemu zenye moto mkali kama kuzunguka valvu za eksozi maji yanaanza kutoa vipovu vya mvuke, na penye mvuke pale chuma hakipozwi. Afu asubuhi za baridi injini inachelewa kupata moto, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, pistoni ringi zinalika. Weka ya 180 nzuri, toa hiyo ya 160, jambo la themostati limeisha.

Kitu kingine kabla hatujafungua bolti hata moja: kuna gari kupata joto na kuna gari kuchemsha, ni vitu viwili tofauti. Ukiwa na kulenti, ile dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji, na mfuniko wa rejeta wa presha ya psi 15 unaoshika kweli, mchemko uko karibu 265, yani nyuzi 129 za Selsiasi. Kwa hiyo ukiwa 225 hujachemsha, una nafasi bado. Bila presha, kulenti hiyo hiyo inachemka kama 223 hivi! Mfuniko uliochoka unakuondolea nyuzi arobaini za Fahrenheit za usalama, na ni kitu cha dola chache, kwa hiyo kapime mfuniko kwanza, duka nyingi za spea huko wana kipimo cha kuazima. Na tafadhali usiufungue injini ikiwa ya moto hata kama una haraka namna gani, nimeona mtu kachubuka ngozi ya mkono mzima kwa sekunde moja tu.

Afu hakikisha hizo namba ni za kweli. Geji ya miaka zaidi ya hamsini au hata geji mpya yenye sensa ya bei rahisi inaweza kudanganya nyuzi kumi na tano kirahisi. Tafuta ile bunduki ya kupimia joto ya mafundi, piga kwenye nyumba ya themostati juu ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenda kwenye silinda, uisogeze karibu na uipige sehemu yenye rangi, usipige chuma kinachong'aa mana inasoma uongo. Kama bunduki inasema 210 na mshale unasema 225, umeshatibu nusu ya ugonjwa bila spana.

Tuchukulie namba ni za kweli. Cha kwanza fundi anachouliza sio "imefika ngapi", anauliza "inapanda lini". Ikipanda ukiwa umesimama tu na ikashuka ukikimbia, shida ni upepo, feni haivuti. Ikipanda ukikimbia, shida ni maji hayazunguki au rejeta imeziba. Ya kwako ina vyote, foleni inapanda na barabarani haishuki vya kutosha, 210 ukiwa na rejeta mpya na upepo wote wa maili 65 sio kawaida. Na wewe mwenyewe umeshatoa jibu kwenye swali lako, umesema kabla ya pampu mpya ilikuwa afadhali. Hapo ndo masikio yangu yalisimama.

Pontiac sio Chevrolet. Kwenye V8 ya Pontiac pampu inafungwa kwenye kava la taimingi na katikati yao kuna bati, watu wengi wanaliita bati la kugawa maji. Hilo bati ndo ukuta wa nyuma wa pampu, mabawa yanatakiwa yazunguke karibu nalo kabisa. Likiliwa na kutu, au likiwa mbali na mabawa, pampu inakoroga maji palepale badala ya kuyasukuma, kama feni ya mezani uliyoiwasha katikati ya chumba, upepo unazunguka tu. Sasa pampu nyingi mpya zinazouzwa zina mabawa ya bati la kukunjwa badala ya chuma cha kumimina kama za zamani, na mabawa yenyewe ni mafupi, kwa hiyo unafunga kitu kipya kinachong'aa na nafasi inazidi kuwa kubwa. Hamna anayekwambia dukani.

Miaka kadhaa nyuma niliingiziwa Pontiac Firebird yenye injini kama yako, mwenyewe ameshabadilisha rejeta mbili. Tukafungua pampu, nikachukua udongo wa kuchezea wa mwanangu, ule laini wa rangi rangi, nikaweka vidonge vinne juu ya mabawa, nikaweka bati na gasketi nikabana kwa mkono tu, nikafungua tena taratibu. Vidonge havikubonyea vizuri. Nikakata kimoja kwa wembe nikapima, milimita sita na ushee. Inatakiwa kama milimita moja, moja na nusu ukiogopa. Yule mtu alikuwa anazungusha maji ya kunawa. Tukalaza bati kwenye ubao, tukaligonga pole pole kuzunguka tundu lake kwa nyundo ya mpira mpaka likasogea kwenye mabawa, tukapima tena kwa udongo, tukarudia mara tatu hivi, afu tukafunga na pampu yenye mabawa ya kumimina. Kutoka 228 foleni ikashuka 205, rejeta ileile.

Kwa hiyo ifungue yako, fanya hivyo hivyo na udongo. Ukishafunga, kabla hujarudisha mkanda zungusha pampu kwa mkono, usikie kama inakwaruza bati, ikikwaruza fungua urekebishe usije ukasema itajisaga yenyewe. Na ukiagiza pampu kumbuka kuanzia 1969 ni ya bolti 11, za kabla ya hapo ni bolti 8, haziingiliani. Kava la taimingi ni alumini na bolti zake zinapenda kukatika ndani, nenda nazo kwa mafuta ya kulainisha na subira, acha zilowe usiku mzima.

Jambo la pili, na hili wengi hawaliamini mpaka waone kwa macho, ni taimingi, yani muda plagi inapotoa cheche. Injini ikiwa kwenye silensa, yani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mchanganyiko wa hewa na petroli ni mwepesi, unaungua pole pole, kwa hiyo cheche inatakiwa iwahi. Ikichelewa, moto unakuwa bado unawaka wakati valvu ya eksozi inafunguka, joto lote hilo linapita kwenye silinda hedi na linaishia kwenye maji yako. Kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenda kwenye plagi, kuna kopo la vakyumu (mvuto wa hewa) lenye mpira mwembamba, hebu ufuate uone unaenda wapi. Kama umechomekwa kwenye tundu la kabureta lililo juu ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga hewa, ukiwa silensa hauvuti kitu. Uhamishie kwenye vakyumu ya manifoldi, ile inayovuta muda wote. Silensa itapanda yenyewe, ishushe kwa skrubu ya kabureta, afu kaa dakika kumi uangalie mshale. Hii sio uchawi wa mitaani, General Motors wenyewe mwishoni mwa miaka ya 60 walifunga swichi ya joto kwenye baadhi ya magari yao, injini ikizidi moto kwenye silensa swichi inahamisha huo mpira kwenda vakyumu ya manifoldi ili injini ipoe. Walichelewesha cheche kwa ajili ya sheria za moshi, afu wakaweka kamlango ka dharura. Taimingi ya msingi iangalie na taa ya taimingi, mpira ukiwa umechomolewa na kuzibwa, anzia digrii 9 na ukifika 12 bila injini kugonga ukiipa mafuta utaona tofauti.

Feni ya umeme sasa. Siichukii, lakini uliyoifunga nadhani ni moja ya duara imebanwa moja kwa moja kwenye rejeta bila kava la kuelekeza upepo, sio? Hiyo inavuta hewa kwenye duara lake tu, kona zote za rejeta zimekaa bure, tena ukikimbia inakuwa kizuizi cha upepo. Ikiwa kubwa ya kutosha inaweza kula ampia 30 na zaidi, na altaneta za zama zile hazikutengenezwa kwa mzigo huo, ukiwa silensa umewasha AC na taa volti zinashuka na feni inazunguka kinyonge pale pale unapoihitaji. Ushauri wangu rudisha feni ya kiwandani na klachi mpya ya feni (sio ya gia) yenye springi ya joto mbele yake, na kava lake kamili, mabawa yakae nusu ndani ya kava nusu nje. Kava ndo wanalolitupa watu wa kwanza na ndo linalofanya kazi kubwa. Kukagua klachi ni rahisi, zima injini ikiwa ya moto, hakikisha ufunguo umetoka, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka kirahisi mizunguko mingi imekufa.

Mengine madogo. Mpira wa chini wa rejeta ndo upande unaonyonywa na pampu, ukiwa mlaini unajikunja ukiwa kasi na maji yanakatika, mwambie mtu akanyage mafuta wewe uuangalie, usiuguse. Gia yako inapozea mafuta yake ndani ya hiyo hiyo rejeta, kwa jua la Phoenix weka kipoza mafuta cha gia cha pembeni, rejeta itapumua. Maji ya bomba ya huko yana chumvi nyingi usiyatumie, nunua yale yaliyosafishwa kwa mvuke yanauzwa kwa galoni. Na usibaki na maji matupu eti Arizona hamna baridi, ukipanda Flagstaff Desemba kuna theluji na bloku ikipasuka hamna wa kukusaidia. Kulenti ukimwaga osha sakafu vizuri, ni tamu na ni sumu, mbwa na watoto wanailamba.

Anza na mfuniko, bunduki na mpira wa vakyumu, ni kazi ya jioni moja. Jumamosi fungua pampu. Ukimaliza niandikie namba tatu: unene wa udongo, joto ukiwa silensa dakika kumi AC imewashwa, na joto ukiwa maili 65. Na feni ya zamani kama bado ipo gereji, usiiuze.