Komiki za Star Wars: fuata swali ambalo filamu haikujibu

Vijana wa hapa Mwanga, Kigoma, wanaojua kwamba nasoma komiki huniuliza: "Kaka, filamu zote za Star Wars, zile za vita vya angani, nimezimaliza, sasa nianze na komiki ipi?" Wengi wameshapekua mtandaoni wakakutana na orodha ndefu inayopanga hadithi zote kwa miaka, wakachoka kabla ya kufungua ukurasa. Ushauri wangu ni kuachana na orodha hiyo. Jiulize filamu ilikuacha na swali gani, kisha tafuta komiki inayolijibu.

Chukua mfululizo wa Darth Vader, yule mwovu mkuu wa filamu, uliotolewa na kampuni ya komiki ya Marvel kuanzia 2015 hadi 2016, matoleo 25, mwandishi Kieron Gillen na mchoraji Salvador Larroca. Hadithi yake imekaa kati ya filamu ya 1977 na ile ya 1980. Filamu ya kwanza inaisha Vader akiwa hamjui Luke Skywalker, kijana aliyelipua Death Star, kituo cha angani chenye silaha ya kuangamiza sayari. Ya pili inaanza tayari anamsaka Skywalker kwa jina. Kalijulia wapi? Kwenye komiki, Boba Fett, mwindaji wa watu kwa malipo, anarudi kwake bila kijana, ana jina tu. Vader analisikia, anatambua kwamba kijana ni mwanawe, na kioo cha dirisha la meli kinapasuka mbele yake.

Mimi tukio hilo nalirudia mara kwa mara, na kila nikilirudia namheshimu zaidi mchoraji. Vader ana kinyago. Hakuna macho ya kuchora wala mdomo wa kukunja, kwa hiyo hasira yote lazima ionekane kwenye ngumi, kwenye mabega, kwenye nafasi isiyo na maneno. Zisome kurasa hizo polepole. Hata Kiingereza kikikupiga chenga, picha zitakueleza.

Humo humo, katika toleo la tatu, anatokea Doctor Aphra, mwanaakiolojia anayefufua roboti hatari na kufanya kazi kwa Vader huku akijua anaweza kuuawa wakati wowote. Huyu hakutoka kwenye filamu, na ndiyo raha yake. Mashujaa wa filamu, Luke na Leia, hawawezi kufa katikati ya filamu mbili, kila msomaji analijua hilo, lakini Aphra hana filamu ya kumlinda. Ukimsoma unahofia kweli. Desemba 2016 akapewa mfululizo wake mwenyewe.

Za zamani je? Marvel walianza 1977. Matoleo sita ya mwanzo yalisimulia filamu yenyewe, kisha wakaanza kubuni, na toleo la nane likaleta sungura wa kijani aitwaye Jaxxon. Kampuni ya Dark Horse wakaja na Dark Empire mwaka 1991, ambamo Kaizari Palpatine, bwana wa Vader aliyekufa kwenye filamu, anarudi kwenye mwili mpya. Mwaka 2014 Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, wakaziweka hadithi hizo kando na kuzipa jina la Legends, yaani hazihesabiwi tena katika historia rasmi. Kuna wanaosema basi usizisome. Sikubaliani nao kabisa: hadithi nzuri haiharibiki kwa sababu kampuni imebadili hesabu zake, na mwaka 2019 filamu ilimrudisha Palpatine huyo huyo. Ila angalia neno Legends kwenye jalada ili usichanganye mambo.

Kuhusu kununua, chukua juzuu iliyokusanya matoleo kadhaa badala ya toleo mojamoja, utaokoa hela. Mimi husomea kwenye tableti, na juzuu nazipakua mapema nikiwa kwenye waifai nzuri kabla ya kupanda treni ya Tabora, maana faili zake ni nzito na njiani mtandao unakatika.

Anza na juzuu ya kwanza ya Darth Vader. Pembeni yake soma mfululizo mkuu wa Star Wars wa 2015, kwa sababu tukio la jina limo katika toleo la sita la kila mmoja. Aphra afuate baada ya hapo.