Nenda na Daftari

Juzi nimeletewa ujumbe na kijana wa Micheweni, Pemba. Anataka kugombea udiwani, na masika haya maji yaliingia majumbani kwao. Watu wameichukia serikali, akifungua mdomo anatukanwa. Ananiuliza: "Shangazi, niwaambie nini?"

Mwanangu, mimi nilikuwa viwanja vya Maisara, mjini Unguja, Septemba 2011, maiti zilipoletwa kutambuliwa. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10, upande wa Nungwi, ikenda Pemba, na mdogo wangu alikuwemo. Pale viwanjani tulipita maiti kwa maiti, shuka inafunuliwa, inafunikwa. Mama mmoja mbele yangu alimjua mwanawe kwa hina ya Idi, bado haijafifia vidoleni.

Wangu sikumwona. Nikamwendea afisa aliyekuwa na orodha. Akatafuta, akasema jina halimo, huenda hakupanda. Hakupanda! Nilimfikisha bandarini mwenyewe, mkoba wake nimeubeba mimi. Meli ilijazwa kupita kiasi, wengi hawakuandikwa popote. Mwanzo zilitajwa maiti 200 na kitu. Tume ya uchunguzi ilipokuja kusema waliokufa na kupotea wamepita 1,500, sisi tulishajihesabu zamani, kwa khitma.

Hata mwaka haukutimia, Julai 2012, meli nyingine, Skagit, nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Hamad Masoud Hamad, waziri wa Zanzibar wa Miundombinu na Mawasiliano, akajiuzulu. Hakumrudisha mtu, lakini baba yangu, ambaye tangu msiba alikuwa akizima redio ikitajwa serikali, siku ile aliongeza sauti.

Basi usiende kwa watu na hotuba, nenda na daftari. Nilipokuwa kamati ya maafa ya shehia nilipita nyumba kwa nyumba nikiandika: godoro, mbuzi wawili, gunia la mpunga. Waliokuwa wakinitukana mlangoni walinikaribisha uwani, na hilo najivunia. Usiahidi, andika. Usiwaambie ni kadari ya Mungu. Wanaijua kuliko wewe, na ikitoka kinywani mwa kiongozi wanasikia udhuru tu. Mtaro umezibwa na watu, andika nani kauziba.

Na ukimkuta aliyepotelewa, muulize jina kamili, la baba na la babu, uliandike naye anaona. Daftari la yule afisa lilikuwa na kurasa tupu, na kalamu alikuwa nayo mkononi.